Kustaafu Mapema na Kutafuta Kazi Isiyopandisha Presha



Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wangu, niliacha ualimu wa serikali hapa Mbale mwaka 2023, nikiwa na umri wa miaka 46. Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa jambo moja na watu wa aina mbili. Wa rika langu huniuliza kwa sauti ya chini, wakati watu wanatafuta viatu vyao mlangoni mwa msikiti: "Ustadh, ulifanyaje? Na mimi nimechoka." Vijana nao huniuliza kwa mshangao: "Mwalimu, mtu anaachaje mshahara wa kila mwezi katika dunia hii?" Mara nyingi nimewajibu wote kwa maneno mawili matatu ya haraka, kwa sababu swali lenyewe halijibiki barabarani. Leo nimeona niliandike kwa kituo, inshaallah limfae mwenye kuhitaji.

Nitangulize jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Watu wengi hudhani kwamba kazi nyepesi ni kazi iliyofichika mahali fulani, na kwamba ukitafuta sana utaikuta. Mimi nimeona kinyume chake. Uzito wa kazi nyingi hautoki katika kazi yenyewe, unatoka katika kiasi cha fedha tunacholazimika kukipata kila mwezi. Ukikipunguza kiasi hicho, kazi nyepesi zinaanza kuonekana zenyewe, hata mtaani kwako.

Kwa nini niliondoka

Nilianza kufundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari mwaka 2002, nikiwa kijana mwenye nguvu. Mwaka 2007 serikali yetu ya Uganda ilipoanzisha mpango wa elimu ya sekondari bila ada, watoto wengi wa maskini walipata nafasi, na hilo ni jambo la kheri ambalo sitalibeza. Lakini madarasa yalifurika. Nimesimama mbele ya wanafunzi zaidi ya mia moja katika chumba kimoja, na jioni nikabeba madaftari yao nyumbani. Baadaye nikapewa na kazi ya nidhamu. Mwenye kazi hiyo ndiye anayeitwa usiku wa manane bweni likipigwa mawe, ndiye anayekaa kati ya mzazi mwenye hasira na mwanafunzi mwenye hasira, na simu yake haizimwi.

Mwaka 2021 nilianza kuumwa kichwa upande wa nyuma. Nilikwenda kupimwa, ikaonekana presha ni 170 kwa 110. Daktari aliniandikia vidonge, akanikataza chumvi nyingi, akaniamrisha kutembea kila siku. Kisha akaniuliza ninalala saa ngapi. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akasema kwamba vidonge pekee havitatosha.

Nataka nieleweke hapa. Kustaafu si dawa ya presha. Hadi leo ninameza vidonge vyangu kila asubuhi, na yeyote anayeacha dawa eti kwa sababu ameacha kazi anajihatarisha. Lakini nina watoto watano, wa mwisho hakuwa amefika hata darasa la pili wakati ule. Mwenzangu, mama watoto, aliniambia usiku mmoja: "Baba, mshahara tukiukosa tutakula kidogo. Wewe tukikukosa tutafanyaje?" Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niketi nikaanza kuhesabu.

Sheria na hesabu zake

Kwa mtumishi wa serikali nchini Uganda, umri wa lazima wa kustaafu ni miaka 60. Lakini sheria inamruhusu kuomba kustaafu mapema akifikisha miaka 45, akiwa ametumikia kwa miaka isiyopungua 10 mfululizo. Wasomaji wa nchi jirani mna sheria zenu: Tanzania mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na Kenya anaweza kustaafu mapema kuanzia miaka 50. Kila mtu aangalie ya kwao kabla ya kuandika barua.

Kanuni iliyotumika kwa watu wa wakati wangu ni hii. Unachukua mshahara wa mwaka, unauzidisha kwa idadi ya miezi uliyofanya kazi, kisha unagawa kwa 500. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka. Theluthi yake inazidishwa kwa 15 na kulipwa mara moja kama kiinua mgongo, na theluthi mbili zinazobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 20, yaani miezi 240. Mshahara wake wa mwaka ni 12,000,000. Zidisha kwa 240, gawa kwa 500, unapata 5,760,000. Kiinua mgongo chake ni 28,800,000, na pensheni yake ya kila mwezi ni 320,000. Mimi mshahara wangu ulizidi huo kidogo na miaka yangu ilikuwa 21, kwa hiyo pensheni yangu imefika kama shilingi 400,000 kwa mwezi.

Kwa ndugu zetu walioajiriwa na watu binafsi, kama walimu wa shule zisizo za serikali, akiba yao iko katika mfuko wa NSSF, ambako mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10. Akiba yote hupatikana mtu akifika miaka 55. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya wakati huo.

Nasaha moja ya makaratasi: anzeni kukusanya barua zenu mapema. Barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa cheo, zote ziwe katika bahasha moja, na tarehe ya kuzaliwa iwe moja katika karatasi zote. Nimewaona wazee wanaozunguka na faili kwapani miaka miwili kwa sababu ya karatasi moja tu iliyopotea.

Daraja tatu za mahitaji

Pensheni ilikuwa 400,000, na nyumba yetu ilikuwa inatumia kama 1,250,000 kwa mwezi ukigawa na ada za shule. Pengo lilikuwa 850,000. Hakuna kazi nyepesi inayolipa kiasi hicho hapa kwetu. Kama ningetoka na pengo lile kwenda kutafuta kazi, ningeangukia kazi nzito kuliko ile niliyoiacha.

Hapo elimu niliyokuwa nikiwasomesha watoto wa watu ilinisaidia mimi mwenyewe. Wanazuoni wa misingi ya fiqhi, akiwemo Imam Ash-Shatibi katika kitabu chake Al-Muwafaqat, wamezigawa maslahi za watu katika daraja tatu. Dharuriyyat ni yale ambayo bila ya hayo maisha au dini huharibika. Hajiyyat ni yale yanayoondoa tabu na dhiki. Tahsiniyyat ni yale yanayopendezesha. Tulikaa, mimi na mama watoto, tukachora mistari miwili katika daftari, tukaanza kupanga matumizi yetu katika sehemu tatu.

Haikuwa rahisi. Chakula, dawa, maji na ada viliingia katika sehemu ya kwanza bila ubishi. Lakini bweni la binti yetu? Mimi niliona ni haja, mama watoto akaniuliza ni haja ya nani, maana shule nzuri ya kutwa ilikuwa umbali wa kutembea. Binti alipoambiwa kwamba atasoma kutwa alinuna wiki nzima. Malipo ya televisheni ya kila mwezi, nauli zangu za pikipiki, sare za harusi ambazo kila ukoo unataka mshonewe kitambaa kimoja, hayo yote tuliyaweka sehemu ya tatu, mengine tukayaacha na mengine tukayapunguza. Misaada ya wazazi wetu hatukuigusa.

Kisha tukaamua juu ya kiinua mgongo kabla hakijafika mkononi, na hili ni muhimu sana, kwa sababu fedha isiyo na mpango ikifika, watu wengine huja na mipango yao. Karibu nusu tuliitenga kwa ajili ya ada za watoto mpaka wa mwisho amalize. Sehemu nyingine ilimaliza vyumba viwili vya nyumba ili tusilipe kodi maisha yetu yote. Kidogo kikawa cha kuanzia kazi, na kilichobaki ni akiba ya maradhi. Akiba ikizunguka mwaka na ikawa imefikia nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, inatolewa zaka asilimia mbili na nusu. Mstaafu asijisahau akadhani kwamba zaka ni ya wafanyabiashara peke yao. Na kwa anayeogopa riba, ajue kwamba sheria ya Uganda iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2016, na leseni ya kwanza ilitolewa na Benki Kuu mwaka 2023.

Tulipomaliza hesabu, matumizi ya mwezi yalikuwa 780,000. Pengo lilibaki 380,000. Alhamdulillah, nilipoiona ile namba nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Sasa sikuwa natafuta kazi ya kunilipa mshahara mwingine. Nilikuwa natafuta 380,000 tu, na hiyo mtu anaweza kuitafuta huku amekaa.

Kazi zinazoitwa nyepesi

Watu walinishauri mengi kwa nia njema. Nitayataja kwa sababu na nyinyi mtashauriwa hayo hayo.

Wa kwanza walisema kuku wa mayai. Kuku hao huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, na kabla ya hapo unanunua chakula kila siku bila kuona yai hata moja. Usipochanja vizuri, mdondo unaweza kukumalizia banda lote ndani ya siku chache. Ni kazi nzuri kwa anayeijua na mwenye vijana wa kumsaidia. Kwa mtu anayelala vibaya kwa kuwaza, kila kuku akikohoa na yeye anaamka.

Wa pili walisema nunua pikipiki mbili uwape vijana wa bodaboda wakuletee hesabu kila jioni. Wasiokuambia ni kwamba ajali ikitokea utaitwa wewe, na kijana asipoleta hesabu siku tatu utageuka mwalimu wa nidhamu tena.

Wa tatu walisema kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Kibanda hicho kinataka mtaji unaolala hapo hapo, kinataka ukae hadi usiku, na unarudi nyumbani na fedha mfukoni huku unaangalia nyuma.

Wa nne waliniletea nafasi ya heshima: kuwa mkuu wa shule moja ya binafsi, kwa mshahara mzuri kuliko ule wa serikali. Niliwashukuru, nikaomba siku tatu, nikaswali istikhara, nikakataa. Ile ilikuwa kazi ile ile niliyoiacha, isipokuwa ningekuwa na ofisi kubwa zaidi.

Wa tano, Mwenyezi Mungu atuepushe nao, ni wale wanaokuja na karatasi zenye picha za magari na kusema: weka milioni tano, kaa nyumbani, kila mwezi utapokea. Mstaafu mwenzetu mmoja aliweka kiinua mgongo chote. Miezi mitatu alipokea, wa nne ofisi ilifungwa. Faida ambayo huoni inatoka katika kazi gani, ogopa, hata kama anayeileta kavaa kanzu.

Baada ya kuyatazama yote haya, niliandika sifa nne za kazi ninayoitaka. Moja, iwe halali isiyo na shaka. Mbili, isianze kwa deni. Tatu, niweze kuiweka chini adhana ikilia na kuikuta pale pale nilipoiacha. Nne, niwajibike kwa mikono yangu, si kwa tabia za watu mia.

Kazi niliyoipata

Mwishoni mwa Julai 2022 mji wetu wa Mbale ulipigwa na mafuriko makubwa. Mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake, watu wengi walifariki, na nyumba nyingi ziliingia tope. Tunawaombea marehemu rehma. Katika madrasa ambako nilikuwa nikisaidia jioni, maji yaliingia katika kabati la chini, yakaroweka juzuu na misahafu ya watoto. Wengine walisema tuizike kwa heshima, na kufanya hivyo kunafaa kwa msahafu usiosomeka tena. Lakini mingi ilikuwa bado inasomeka, ila majalada yameachana na kurasa zimetawanyika.

Tulikuwa na mzee mmoja jirani aliyefanya kazi zamani katika kiwanda cha uchapaji. Alikuja na sindano nene na uzi, akasema: "Mwanangu, kitabu hakifi kwa kulowa, kinakufa kwa kutupwa." Alinifundisha kukausha kurasa kivulini, si juani, nikiweka karatasi kavu katikati. Alinifundisha kuzipanga kurasa katika mikunjo, kutoboa matundu kwenye mkunjo na kushona mkunjo mmoja na mwingine mpaka kitabu kishikane. Kisha kubana mgongo kati ya mbao mbili, kupaka gundi, kubandika kitambaa, na mwisho kuvisha jalada la kadibodi ngumu. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi na inashika vizuri, lakini mende huipenda, kwa hiyo mgongoni natumia gundi nyeupe ya dukani. Misahafu zaidi ya thelathini tuliirudisha mikononi mwa watoto.

Nilipostaafu mwaka uliofuata, nilikumbuka kwamba katika ile miezi ya kushona misahafu nilikuwa nikilala vizuri. Kazi ile ilikuwa na sifa zangu zote nne. Vifaa vyake havikufika shilingi 900,000, pamoja na mashine ya kubania niliyotengenezewa na fundi wa vyuma. Nilianza barazani nyumbani. Sasa naletewa misahafu na vitabu vya dini kutoka misikitini, kamusi na vitabu vya kiada kutoka shuleni, na Wakristo majirani zetu huniletea vitabu vyao, nami huwafanyia kazi kwa uaminifu ule ule. Kitabu kimoja ni kati ya shilingi 8,000 na 15,000. Miezi ya kufungua shule kazi ni nyingi, miezi mingine ni michache. Ukichanganya yote na kutoa gharama, napata kama 190,000 kwa mwezi.

Madrasa nayo, ambayo sasa nafundisha siku nne kwa wiki baada ya Alasiri, hunipa 160,000 kutoka michango ya wazazi. Ndizi na mboga za nyuma ya nyumba zinaokoa kama 30,000. Jumlisha, mtaona ni 380,000.

Wala msidhani kwamba ni kazi isiyo na taabu. Vidole huchomwa sindano, mgongo huuma ukiinama sana, na wapo wanaoleta kitabu Jumatatu wakachukua baada ya miezi mitatu. Siku zingine watoto wa madrasa nao wana ukaidi wao. Lakini taabu hiyo nikiiweka chini jioni, inabaki pale chini. Hainifuati kitandani.

Maneno ya watu, na swali la mtoto

Jambo lililokuwa gumu kuliko hesabu zote ni maneno ya watu. Kuna aliyepita barazani akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu mzima leo anashona makaratasi!" Hayo niliyavumilia. Lililoniuma ni kijana wangu, ambaye wakati ule alikuwa kidato cha nne. Alirudi siku moja kutoka shule, akakaa karibu yangu, akauliza bila kunitazama: "Baba, ni kweli walikufukuza?"

Nilimpa barua yangu ya kustaafu akaisoma mwenyewe. Kisha nikampa kile kipimo cha presha nilichokuwa nikiandika kila wiki katika daftari. Akasoma kutoka juu, 170, 165, 168, akashuka mpaka wiki ile, 138. Hakusema kitu. Alichukua sindano akaniuliza mkunjo unaofuata unaanzia tundu lipi.

Wazazi wenzangu, tuwaambie watoto wetu ukweli wa mambo ya nyumbani kwa kiasi cha akili zao. Mtoto asipoambiwa na babake ataambiwa na mtaa.

Na nyinyi wanafunzi, msidharau kazi ya mkono. Imepokewa na Imam Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa hakuna chakula bora kwa mtu kuliko kile anachokula kwa kazi ya mkono wake, na akamtaja Nabii Daud (A.S.), ambaye alikuwa mfalme, kuwa alikuwa akila hivyo. Imam Muslim amepokea kwamba Nabii Zakariyya (A.S.) alikuwa seremala. Na Abdurrahman bin Awf (R.A.) alipohamia Madina akapewa ahadi ya nusu ya mali na ndugu yake wa Kiansari, alimuombea baraka kisha akaomba aonyeshwe soko, akaanza na jibini na samli. Hata hii kazi ya vitabu ina wenyewe katika historia yetu. Baghdad ya zamani ilijaa watu walioitwa warraqin, waliokuwa wakinakili na kuuza vitabu. Ibn an-Nadim, aliyetunga kitabu mashuhuri cha Al-Fihrist mwaka 377 Hijria, alikuwa mmoja wao.

Mkataba wa Madyan

Kisa ambacho nimekirudia sana tangu kustaafu ni kile cha Nabii Musa (A.S.) katika Surat Al-Qasas. Alikulia katika kasri la Firauni, kisha akatoka Misri akiwa na khofu, hana kitu. Akafika Madyan, akawanyweshea maji wanyama wa mabinti wawili, akaenda kukaa kivulini na kumuomba Mola wake kheri yoyote atakayomteremshia. Hakuchagua kheri gani. Jibu lilikuja katika sura ya kazi ya kuchunga.

Angalieni mkataba ulivyokuwa. Muda wake ulijulikana: miaka minane, na akitaka kuifikisha kumi ni hiari yake. Malipo yake yalijulikana. Na yule mzee aliyemwajiri alimwambia mapema kwamba hakukusudia kumtaabisha. Ndugu zangu, mambo haya matatu ndiyo ninayowashauri muyatafute mkitoka katika kazi nzito: muda unaojulikana, malipo yanayojulikana, na mtu ambaye hataki kukutaabisha. Aliyetoka kasrini hakuona haya kushika fimbo ya kuchungia, na ile miaka ya utulivu haikumpotezea kitu, kwani baada yake ndipo alipopewa Utume.

Tena tusifanye kustaafu kuwa kulala. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kuhusu neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo, nazo ni afya na faragha. Na katika Surat Ash-Sharh Mwenyezi Mungu anamuelekeza Mtume wake kwamba akimaliza shughuli moja asimame kwa juhudi katika nyingine na kumuelekea Mola wake. Mimi zamani swala ya Alfajiri nilikuwa nikiiswali nyumbani haraka haraka niwahi lango la shule. Sasa naiswali jamaa, natembea hadi jua linachomoza, na nina nafasi ya kumsikiliza mwanangu wa mwisho akisoma Juzuu Amma.

Kwa anayefikiria

Kama unafikiria kustaafu mapema, nakusihi usiandike barua kwa hasira. Ukigombana na mkubwa wako leo, subiri mwezi. Kaa na mkeo, au mumeo, mpange matumizi kwa daraja tatu, mjue pengo lenu ni shilingi ngapi. Pengo likiwa kubwa, bado muda wako haujafika, endelea kulipunguza ukiwa kazini, na deni lolote lilipe kabla ya kutoka. Ijaribu kazi unayoitaka kwa miezi kadhaa jioni au mwisho wa wiki, uone kama inakupa usingizi au inakunyima. Kisha swali istikhara.

Na wewe ambaye kila ukihesabu huoni njia ya kutoka, una wazazi wagonjwa na watoto wadogo, usijione mnyonge. Kubeba mzigo wa familia yako kwa halali ni ibada, na Mwenyezi Mungu anauona mgongo wako. Jitahidi tu kupima presha yako, na usione haya kumwambia mwenzako kwamba umechoka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atupe riziki ya halali yenye baraka, awape shifaa wagonjwa wetu, na ajaalie umri wetu wa mwisho uwe bora kuliko wa mwanzo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.